Msingi Kwanza, Nyasi Baadaye

Tulianza na paa, kama wajinga.
Wiki tatu tulibishania rangi ya menyu,
picha ya mandhari, mlio wa kuwakia,
na jina: Høgni alitaka la ndege, mimi la jiwe.
Bergtóra, mwalimu wa hesabu, akanyoosha kidole dirishani,
kwenye nyumba za Klaksvík zenye nyasi mapaani:
"Mmemwona nani hapa akianza na nyasi?"

Tukanyamaza. Mvua ya Februari ikaja kwa ubavu.
Kompyuta arobaini na moja za shule,
zilizotelekezwa na kampuni iliyoziuza,
zilisongamana ghalani mwa maktaba
kama kondoo waliokosa mwenyewe.

Basi, tusimame juu ya nani?

Høgni akasema Arch. Mbichi kila asubuhi,
mkate ungali unafuka.
Siku ya tisa, sasisho moja la usiku,
skrini ikawa nyeusi tii.
Yeye akakesha akisoma mistari, anatabasamu.
Kwake hiyo ni starehe.
Kwa mtoto mwenye mtihani saa mbili
ni msiba.

Fedora nayo ilikuja imevaa, imenukia,
lakini kabla haijazoea kiti ishaanza kuaga:
mwaka na siku kidogo, kisha toleo jingine.
"Nani atahamisha mashine arobaini na moja kila mwaka?"
Sote tukatazama viatu vyetu.

Mimi nilikuwa na kiburi changu, sikukitaja:
nijenge mwenyewe, tangu kokoto ya kwanza.
Nilijaribu usiku mmoja, kwa siri.
Saa kumi na moja za kukusanya,
nikapata kistari kinachopepesa, na njaa.

Ikabaki Debian, taratibu kama barua ya serikali.
Programu zake zilikuwa zimelala miaka miwili.
Projekta mpya ya ukumbini haikuijua hata kwa jina.
"Unachagua maiti," Høgni akacheka.
"Hakuna msingi usio na ufa," nikamwambia.
"Nataka ufa ninaoujua ulipo,
niuzibe leo, nisijenge ukuta kesho."

Kura mbili kwa moja.
Høgni akachukua biskuti zake akaenda zake,
akarudi keshoye, hajasalimu mtu,
na kiendeshi cha projekta mfukoni.

Aprili nikaona kitu: herufi yetu ð,
ile tusiyoitamka
lakini ikikosekana kila jicho linajikwaa,
ilikuwa ikipotea kwenye maandishi mazito.
Nikarekebisha mistari minne,
nikaipeleka huko inakotoka Debian yenyewe,
kwa watu wasiojua kama tupo.

Siku kumi na moja, kimya.
Kisha mtu wa Montevideo, sura yake siijui,
akajibu neno moja: Imepokelewa.

Watoto hawajui. Wanachora, wanafuta, wanagombania viti.
Mimi nikipita nyuma yao nakanyaga polepole:
chini kabisa, kati ya mawe ya wageni,
kuna kokoto moja ninayoifahamu.