Dawa ya Sauti

Vendelín aliingia dukani kwangu, Ostrava,
theluji ikimyeyukia ukingoni mwa kofia,
akaziweka hedifoni mezani
kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.
"Mbovu," alisema. "Nikizivaa, nasikia."

Miaka thelathini na mmoja aliendesha tramu,
kutoka viwandani hadi stesheni,
na mngurumo wa mota ukamzoea
hata ukamfuata kitandani.
Radka, bintiye, ndiye aliyemnunulia ukimya huu,
kwa mkopo wa miezi sita.

Nikazifungua kwa bisibisi nyembamba kama sindano.
Tazama, mzee: hapa nje kuna sikio
dogo kuliko punje ya mtama.
Linausikia mngurumo kabla yako,
linapeleka habari ndani,
na ndani, kabla kope haijafumba,
hesabu imekwisha:
mngurumo uleule unaimbwa tena,
kichwa chini, miguu juu.
Huu ukipanda, ule unashuka.
Kilima kinaingia bondeni,
hewa inabaki tambarare.
Hakuna aliyenyamaza.
Wawili wanapiga kelele kwa pamoja
nawe unaita kimya.

Dawa ya moto ni moto, sawa,
lakini sipendi kuuza uongo:
kinachofutika ni kile kinachojirudia,
feni, friji, injini ya ndege usiku kucha.
Sahani ikianguka, hesabu inachelewa.
Mtoto akilia, inachelewa.

Akazivaa. Nje, tramu namba nne ikapita.
Niliyatazama maji yakitetemeka glasini mwangu,
nikautazama uso wake, umetulia.
"Tramu imekwenda," alisema.
"Ila ile filimbi bado ipo.
Kama nzi ndani ya chupa."

Nikazima redio. Nikazima hita.
Nikakata hata taa ya mezani, ambayo huvuma kidogo.
Filimbi sikuisikia.
Ndipo nikajua, naye nadhani alijua zamani,
kwamba ile haikutoka nje,
na upande ule
hakuna sikio la kutegwa.

Sikumtoza kitu.
Nilibadilisha sponji ya kushoto, iliyokuwa imechanika kweli,
tukazungumza kidogo juu ya bei ya makaa.

Alipofika mlangoni nikaona glavu zake kwenye kaunta.
"Vendelín!"
Akageuka papo hapo,
hedifoni masikioni, swichi imewashwa,
akarudi kuzichukua huku akinung'unika:
"Si nilikwambia? Nasikia."