Koki Nyekundu

Nyumba ya baba, ghorofa ya sita, mjini Łódź.
Januari. Theluji imegeuka tope la kijivu kando ya reli za tramu,
na bafuni koki yadondosha:
to,
kimya cha pumzi mbili,
to.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hapa imejaza bili.
Imechora pia mstari wa kahawia kwenye beseni jeupe,
ule ambao mama aliusugua kwa siki kila Jumamosi
na haukumstahi.

Hilo la kwanza. La pili:
upande wa baridi, ukigusa tu, maji yanakurukia kifuani.
Upande wa moto, wenye doa jekundu,
zungusha mpaka mkono ukome,
utapewa uzi.
Uzi wa kushonea kifungo.
Baba alinyolea uzi huo miaka mitatu
wala hakuniambia neno.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu fedha za watu, si kufungua mabomba.
Lakini fundi alinitajia bei kwenye simu,
nikasema asante, nikakata,
nikapanda kwa Radosław kuazima spana.
"Funga maji kwanza," akasema, "ndipo ujidai."

Skrubu ilikuwa imeoana na kutu.
Nikaibembeleza. Nikaipaka mafuta ya kukaangia.
Nikaitukana mbele ya picha ya mtakatifu iliyo ukumbini.
Ikalia mara moja, ikaachia.
Shina likatoka, na mwishoni mwake washa:
kiduara cha mpira, kigumu kama ukucha wa mguu,
kimechimbika pale chuma kilipokikalia
tangu enzi za kupangia sabuni foleni.
Mpya iliuzwa bei ya kuchekesha;
muuzaji aliona haya kunipa stakabadhi.

Kisha chujio la mdomoni, limeziba kwa chokaa.
Nikalilaza kwenye siki, likatoa povu usiku kucha.
Asubuhi nikafungua maji.
Ile *to* imekoma.
Baridi: hodari.
Moto: uzi.

Basi nikalala chali chini ya sinki, tochi mdomoni,
kichwa kati ya ndoo na brashi ya choo,
na pale ukutani nikaiona valvu ndogo,
imefungwa karibu yote,
imezungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme,
na juu ya utepe karatasi, mwandiko wa baba unaoegemea kushoto:

USIGUSE. KAZIA ASIUNGUE.

Mama, mwaka ule alipoanza kusahau
upi ni mkono wa moto, upi wa baridi,
kisha mikono yake mwenyewe ni ya nani.

Kumbe hapakuwa na kilichoziba.
Palikuwa na mtu wa miaka sabini na tisa, magoti mabovu,
aliyelala hapa hapa nilipolala,
akazungusha robo,
akajiinua kuonja kwa kiwiko,
akashuka tena, robo nyingine,
mpaka maji yakawa ya kuogeshea mtoto.
Na alipokwisha kumzika hakurudi kuifungua.
Magoti, labda.

Labda.

Nikabandua utepe. Gundi ikanibaki vidoleni.
Valvu ikagoma, ikakoroma,
bomba likakohoa kahawia, likatema punje za kutu,
halafu moto, moto kamili,
kioo kikapotelea kwenye mvuke,
nami nikainama nikanawa uso
mpaka masikio yakaiva.

Sasa nimekaa juu ya kifuniko cha choo, karatasi mapajani,
naisikiliza koki. Kimya.
Ila kule chini valvu, iliyoamshwa bila kuombwa radhi,
imeanza:
to.

Nimeitegea kopo la mtindi.
Spana bado ninayo.