Kadi Namba Mia na Kumi na Mbili

Nyuma ya kadi wameandika faida kwa wino wa zambarau:
chai Jumatano na Jumamosi,
punguzo la dawa ya presha duka la Mihayo, Isevya,
kiti chenye mgongo,
sanda mita saba, na lori la kukusindikiza.

Namba thelathini na nane ilikuwa ya marehemu mume wangu,
Kapungu Shija, fundi breki, karakana ya reli, Tabora.
Chai yake aliinywa yote.
Sanda alipewa. Niliipima kwa mkono, ikapungua shubiri,
nikanyamaza,
maana siku ya msiba mtu hadai.

Na chai ile mpishi wake mimi.
Miaka kumi na miwili, kutokea dirishani:
birika la bati, tangawizi,
mkono unapita, uso haupiti.
Walinijua kwa vidole.
"Mama Milembe, ongeza sukari!"
na bao linalia, tak, tak,
na Mzee Kasanda anasimulia tena treni ya Kaliua
iliyosimama usiku kucha kupisha tembo,
na kila mwaka tembo wanaongezeka.

Tulipomaliza arobaini nilikwenda pale kwa kupitia mlangoni.
Katibu akavaa miwani, akafungua katiba, akalamba kidole.
"Kifungu cha tisa, shemeji. Uanachama haurithiwi."
Nikamwambia, sikuja kurithi.
Nimefagia zahanati ya reli miaka ishirini na sita,
damu zenu nimezipiga deki,
hadi waliponipa blanketi na barua.
Barua hii hapa. Muhuri huu.
Mstaafu ni aliyestaafu, au ni mwenye ndevu?

Kimya.
Mtu kashika kete hewani, hajui aitie shimo gani.
Saa ya stesheni iliyo juu ya mlango,
inayochelewa dakika kumi na moja
na hakuna anayethubutu kuigusa,
ikagonga saa kumi.
Mhazini akakohoa: "Kiingilio elfu tano."
Nilikuwa nayo, pindoni mwa kanga tangu asubuhi,
na elfu mbili ya mwezi huu,
na elfu mbili ya mwezi ujao,
wasije wakasema.

Jumamosi nikakaa. Kiti kina mgongo kweli.
Wakabaki wanatazamana. Dirisha tupu, jiko baridi.
Mwishowe Kasanda akainuka, yeye na goti lake,
akapigana na mkaa nusu saa nzima.
Chai ikaja majani yanaelea,
sukari ya kuhesabu, moshi umeingia ndani.

Nikainywa mpaka tone la mwisho.
Nikagonga kikombe mezani kama wanavyogonga wao,
nikasema: Kasanda, ongeza sukari,
na ile treni ya Kaliua hebu ianze upya, taratibu,
leo nimekaa karibu,
nataka kuwahesabu tembo.