Kivuli Kwenye Boneti

Picha ilikuwa chini ya kiti cha dereva
pamoja na pini ya nywele na kizibo cha chupa.
Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi: Abermo, Agosti.
Mwaka haukuandikwa.
Aliyeandika alidhani atakumbuka.

Gari lenyewe nililikuta ghalani kwa mfuga kondoo, juu ya Dolgellau:
viti viwili, halina paa,
kijani chake kimekuwa kama ukungu wa mkate,
panya wamezaa ndani ya taa ya kushoto.
Miaka minne nimelinyoosha bati,
na kila pigo la nyundo likiuliza: wewe ulikuwa wa nani?

Pichani wapo watatu, na mbwa.
Mwanamume wa kofia ameegemea mlango kama mtu aliyelipia.
Mvulana yuko kwenye usukani, meno mawili hana.
Mama mnene kashika aiskrimu inayomdondokea kiatuni.
Mbwa, mlaaniwa, kasimama mbele ya namba;
mkia wake umefuta tarakimu mbili nzima.

Nikaanza na mwenye kofia. Nani asingeanza naye?
Nilimtembeza mfukoni msimu mzima wa mvua
(huku kwetu msimu ni huo mmoja),
kwa muuza petroli mstaafu,
kwa mchungaji ambaye kanisa lake sasa ni duka la mazulia,
hadi kwa kinyozi, akacheka:
"Huyu Ifor Tudur. Kichwa hiki nimekinyoa.
Hakuwahi kumiliki hata baiskeli.
Kazi yake ilikuwa kuegemea."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Basi nikalifuata daftari,
chumba cha chini cha kaunti, glavu za pamba,
wino wa kahawia, mwandiko wa karani mwenye njaa.
Mkia wa mbwa unaficha namba mia moja.
Za kijani, tisa.
Za viti viwili, moja.
H. Rowlands, muuguzi wa wilaya.

Hiyo H nikaivisha masharubu.
Nikaipa na kiko.
Wiki tatu nikamtafuta Hefin, nikamtafuta Hywel,
nikapiga simu kwa wajane wa watu wasiohusika.

Mabli, mwanafunzi wangu gereji, alikuja kuazima spana
akaweka kidole chenye grisi chini kabisa ya picha:
"Na huyu je?"
Juu ya boneti, kirefu, kimepinda na bati,
kivuli cha mpiga picha:
viwiko viwili vimepanuka,
na sketi inayopeperuka.

Heulwen Rowlands.
Kwa Kiwelisi jina hilo ni mwanga wa jua.
Ana miaka tisini na moja, yuko nyumba ya wazee, Tywyn,
na dirisha lake linatazama maegesho.
Gari nililiacha pale chini, makusudi.

Aliisogeza picha karibu na jicho lake zima.
Gari hakulitaja. Alimtaja mbwa: Pero.
Kisha mvulana: "Huyu nilimpokea mimi,
shamba la juu, umeme umekatika, theluji magotini.
Tulimsogeza mama yake dirishani,
nikawasha taa za gari, zikaingia mpaka kitandani.
Ndiye huyu wa aiskrimu.
Nilimwambia mtoto kaa, ila usiguse honi.
Akagusa."

Nikauliza kwa nini aliliuza.
Akaigeuza picha, akasoma mwandiko wake.
"Agosti," akasema,
kama mtu anayeonja mchuzi kama chumvi imekolea.
Zaidi ya hapo hakunipa.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.
"Gia ya pili, bado inagoma?"
Bado, nikasema.
"Usiisukume. Kanyaga klachi, hesabu moja, kama mtu aliyesahau neno.
Itaingia yenyewe."

Getini palikuwa na mlima mfupi na lori nyuma yangu.
Nikakanyaga.
Moja.