Kumbukumbu za Kikao cha Tatu

Kizingitini, ghorofani, juu ya chumba cha barafu;
sakafu inatetemeka kila mashine ikivuta pumzi.
Wajumbe saba, viti sita.
Famau amesimama mlangoni,
mimi nimekalia kreti ya soda, daftari magotini.

Pesa zimekuja. Zinamtosha mmoja.
Si wawili, alisema Bwana Shekuwe,
wala si mmoja na nusu,
na mfadhili anataka jina kabla ya Ijumaa.

Tukapewa karatasi yenye vyumba vinne:
amebaki kwa uchache gani, atagharimu nini,
ataweza kupona, watu watampenda?
Jaza sifuri hadi tano.
Nimesahihisha hesabu za darasa la sita miaka kumi na moja;
sijawahi kumpa kiumbe alama
nikijua atakayeanguka harudii mwaka.

Kasa alipita upesi.
Mayai yake yahesabika, picha zake zauzika,
kitoto chake kikiyakimbilia maji
hata mhasibu hulainika.
Nne, tatu, tano, tano.

Paa nunga wa msitu wa Boni tulimfuta mapema:
fungu hili ni la visiwa, na yeye yuko bara.
Ingawa, alinong'ona Famau,
nani kuliko yeye angeshukuru kupewa kisiwa?

Nguva ndiye aliyetukwamisha.
Chumba cha kupona, mmoja akasema weka tatu,
Bi Mwanajaka akasema weka sifuri.
"Mato yangu hayakumuona tangu nimzae Kupi,
na yeo Kupi ana mvi."
Hapo mashine ya chini ikazima, tukasikiana tukimeza mate.
Aliye karibu kwisha, ndiye wa kukimbiliwa kwanza
au ndiye wa kusomewa dua tu?
Bwana Shekuwe akatoa methali, mtaka yote hukosa yote.
"Mimi sikutaka yote," akajibu bibi.
"Nilitaka wawili."

Akabaki yule konokono wa miamba ya nyuma ya birika,
mweupe, mdogo,
ambaye mtaalamu alituapia kwamba yupo hapa,
na hapa tu, duniani kote.
Jina lake la kitaalamu nililiandika mara tatu,
kila mara herufi zikinigeuka.
Jina la kwetu hana.
Haliwi, halii, hafugiki,
hana uso wa kubandikwa kwenye bango.
Mvuto: sifuri. Wajumbe walicheka, nami nilicheka.
Gharama: waya wa kuzungushia mwamba
usifikiwe na mbuzi wala wachoma chokaa,
shilingi elfu kumi na nne.

(Chai ya kikao, mahamri na nauli:
elfu kumi na sita na mia tano.
Risiti zimeambatishwa.)

Saa saba na robo mikono ikainuliwa.
Kasa, sita.
Nguva, mmoja:
Bi Mwanajaka, yule yule wa sifuri,
aliunyoosha mkono wake, kiganja juu,
akauacha hapo hata baada ya kuhesabiwa,
kama mtu anayepima kama mvua imeanza.
Hakuna aliyemuuliza.
Katibu hapigi kura.

Kuhusu wa mwambani niliagizwa niandike:
hakupewa kipaumbele.
Nimeandika, kwa wino, kwa hati nzuri.
Kisha pembeni, nje ya mstari mwekundu,
kwa penseli, ili wasije wakasema nimezidisha mamlaka,
nikamwandikia jina: ukucha-wa-mwana.
Sijui kama litamfaa.
Jana jioni nilipita nyuma ya birika nikamtafuta nimwite,
nikapata ganda moja, jepesi, ndani mna mchanga.
Huenda wengine walikuwa wamelala.

Kikao kilifungwa kwa Fatiha.
Mengineyo: kitafutwe kiti cha saba.