Fyuzi

Kila Julai kamati hunipa ukurasa mmoja wa maagizo
na kebo moja. Kebo moja, jamani,
kwa majiko sita, friji ya krimu,
mashine ya kahawa ya akina mama wa kanisa
na bendi kutoka bara yenye spika ndefu kuliko mlango.
Nimewaambia. Nimewaandikia. Meya hunipiga begani:
"Torleiv, mwaka jana ilihimili."
Mwaka jana mvua ilinyesha, watu wakala makwao.

Hapa Tindvika majira haya usiku hauji.
Jua hushuka hadi mgongoni mwa bahari,
hulowesha kisigino, hughairi, hupanda tena.
Saa sita usiku unaweza kutunga uzi sindanoni
ukiwa umesimama gatini.
Hakuna wa kumwambia mtoto akalale,
na mlevi hana giza la kujisitiri.

Ragnfrid husimama palepale,
kati ya mizani ya samaki na ngazi ya chuma,
huu mwaka wa thelathini na moja,
aproni ya mpira, shingo nyekundu kwa mvuke,
na sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani.
Chewa, viazi, karoti, krimu, siki kidogo,
na kitu kingine asichokitaja.
Watu huja na feri kukifuata kitu hicho.
Gazeti la wilaya limempiga picha mara nne.
Mara zote nne anaangalia pembeni.

Saa sita na dakika kumi
bendi ilikuwa imefika kwenye ule wimbo wa kupiga miguu,
mbao za gati zikicheza kama meno ya bandia.
Halldis, mkata mkate, akamwinamia Ragnfrid,
akamuuliza jambo sikioni,
na Ragnfrid akavuta pumzi amjibu
kwa sauti ya kuishinda ngoma

tak.

Giza halikuingia; lingeingilia wapi?
Kilichoingia ni kimya,
cheupe, kipana, kama shuka linalotandazwa na watu wawili.
Mpiga besi aliendelea kuchuna nyuzi zisizotoa kitu.
Na katikati ya shuka hilo, sauti moja tu:
"MIMI SAMAKI SIMPENDI! SIJAMPENDA HATA SIKU MOJA!"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Basi kata ndiyo hiyo, mkononi mwake, ikidondosha.
Watu mia nne na mabakuli yao.
Shakwe juu ya winchi akageuza kichwa.
Nilisikia kijiko kikigonga jino la mtu.

Mimi nilikuwa nimeshafungua kisanduku,
kidole kwenye swichi. Sekunde mbili, kazi imekwisha.
Nikamtazama. Wekundu ulikuwa umempanda hadi masikioni.
Mama yake alipasua samaki kiwandani, na bibi yake pia;
harufu haikuwatoka hata siku za harusi zao.
Ndipo nikakumbuka sijawahi kumwona akila.
Miaka thelathini na moja, nami fundi,
mtu wa kulipwa kwa kuona kisichowaka.

Nahodha wa feri, bwana asiyemaliza sentensi,
akanyoosha bakuli lake tupu.
"Basi," akasema. "Basi nitie na ya kwako."

Kicheko kilianzia mkiani mwa foleni,
kikapita kwa akina mama wa kanisa,
kikamfikia meya, naye akacheka kwa kuchelewa
kama anayesubiri tafsiri.
Ragnfrid alikuwa wa mwisho.
Alijiziba mdomo kwa kata,
krimu ikamtiririkia kidevuni.
Hakuilamba.

"Vipi, fundi?" mpiga ngoma akaniita kutoka jukwaani.
"Tatizo kubwa hili," nikamjibu,
kidole kikiwa palepale.

Kwenye ripoti nimeandika: dakika kumi na tisa. Sababu: kebo.
Chini, penye maombi ya mwakani,
ambapo kila mara huandika *kebo ya pili*,
nimepaacha wazi.