Lami Imerudi

Veijo aliichomelea Novemba, usiku,
gereji ikinuka chuma na kahawa iliyoungua.
Difu ya kati ilikwisha kufa;
mpya ingenila mishahara miwili,
na barua za Posio hazingojei mshahara.
"Nikishachomelea," alisema, akiinua kinyago,
"hakuna kufungua. Utaishi nayo."
Nikamwambia nimeishi na mengi.

Majira yote ya baridi sikujuta.
Theluji husamehe upesi:
ukikata kona, tairi za mbele zikidai njia yao ndefu
na za nyuma zikidai ya mkato,
mojawapo huteleza kidogo, na ugomvi unaishia pale pale.
Subaru yangu ya kijani, kilomita laki nne na ushei,
ilipanda hadi kwa bibi Aune
siku ambayo hata trekta la kusukuma theluji liligeukia njiani.
Nilimpelekea dawa zake za moyo na gazeti la juzi.
"Gari gani hilo?"
"La kawaida," nikasema, "ila halijui kugeuka."
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kisha Aprili. Lami ikaibuka,
nyeusi, kavu, haijasahau kitu.

Mbele ya duka la Kyösti, nikitafuta pa kuegesha,
gari likarukaruka kama mbuzi wa kamba fupi,
tairi zikilia, watu wakigeuka na mifuko yao,
mtoto akamuuliza babake kama gari linaumwa.
Ndiyo, mwanangu, linaumwa.
Ekseli mbili zimetiwa pingu moja.
Hii inataka mita kumi, ile inataka tisa,
na ile mita iliyobaki haina pa kwenda:
inajisokota ndani ya shafti,
inajisokota, inakaza,
mpaka kitu kipasuke.

Basi nimejifunza adabu zake.
Kona naizunguka kwa mapana,
kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa.
Tairi nne nanunua siku moja, chapa moja,
nazipima kwa utepe wa fundi cherehani;
moja ikilika kupita wenzake, giaboksi inaanza kuimba,
na bei ya wimbo huo naijua.
Kila baada ya masanduku saba au manane ya barua
nateremsha tairi za kulia kwenye kokoto za ukingoni,
mita ishirini tu,
na chini ya kiti changu kitu kinagonga mara moja, paa!
Yote yaliyosokotwa yanaachia.
Stelingi inalegea mikononi.
Nami napumua, sijui kwa nini,
kana kwamba shafti ilipita kifuani mwangu.

Jumapili Veijo alikuja, akalala chali chini ya gari,
tochi mdomoni, maneno yakitoka nusu nusu.
Kuna difu Oulu, kwenye gari lililopinduka.
Bei inazungumzika.
"Nikufungie mwezi wa tano?"

Niliangalia viatu vyake vikitokeza chini ya bampa,
vile vile, kamba ya kushoto imelegea,
viatu nilivyokuwa naviruka mlangoni
miaka kumi na tisa,
na katika miaka hiyo yote, yeye na mimi,
hatukuwahi kupata mita ishirini za kokoto.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Theluji itarudi."
"Ni Aprili, Tuovi."
"Najua ni Aprili."

Akatoka, akajipangusa magoti, akaomba kahawa.
Nikampa. Alikunywa amesimama.
Kesho nina masanduku tisini na mawili,
arobaini yako kwenye lami,
na kila penye kokoto, tangu hapa mpaka kwa Aune,
napajua hata gizani.